Majuma ya mwisho ya misheni Ghana: jibu kwa mmisionari anayejiandaa kurudi Kenya

Swali: Mimi ni kijana Mkenya kutoka magharibi mwa nchi, na ninatumikia kama mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo kwetu wengi bado huliita Kanisa la Wamormoni, katika eneo la Kumasi nchini Ghana. Kati ya miezi 24 nimebakiza majuma tisa. Kazi hii ninaipenda, lakini siku hizi nikiwa katikati ya somo mawazo hunitoroka yakaenda nyumbani, kisha nikaona aibu. Ninaogopa kuwaacha watu niliowafundisha, na ninaogopa zaidi kurudi: sina kazi, nafasi yangu ya chuo niliiahirisha, mdogo wangu amenipita, na baba yangu, ambaye si muumini wa Kanisa letu, huniuliza kila tunapozungumza kwenye simu kwamba nitarudi na nini. Nifanyeje ili nimalize vizuri na nisifike nyumbani mikono mitupu?

Jibu: Ndugu yangu, nitaanza na aibu uliyoitaja, kwa sababu ndiyo inayokuzuia kuyashughulikia hayo mengine. Mmisionari aliyebakiza majuma tisa akawaza nyumbani hajapungukiwa na imani. Hadi Februari 2019 wamisionari wa Kanisa lenu waliruhusiwa kupiga simu nyumbani siku ya Krismasi na Siku ya Mama tu, na muda uliobaki waliandika barua na barua pepe. Tangu hapo mnaweza kuzungumza na familia kila juma katika siku ya maandalizi, ile mnayopewa kwa shughuli zenu binafsi. Ni badiliko ninalolisifu bila kusita, lakini limeleta nyumbani karibu sana na chumba chako cha Kumasi. Baba yako anakuuliza kila juma utarudi na nini, nawe unatarajiwa kukata simu, kufua nguo, kununua chakula cha juma zima na kutoka jioni kwenda kufundisha kana kwamba hukuulizwa lolote. Mawazo yanayokutoroka yanalifuata swali ambalo hujalijibu, na yataendelea kulifuata hadi ulijibu.

Ninajua kwamba wamisionari humtania mwenzao aliyefunga sanduku mapema, yaani anayewaza nyumbani kabla ya wakati wake, na kwamba utani huo una kusudi jema la kuilinda kazi isilegee. Hata hivyo siungi mkono ushauri ambao vijana wengi hupewa, kwamba wasiwaze nyumbani kabisa hadi ndege itue. Katika miaka ambayo nimewashauri vijana waliorudi kutoka utumishi wa nje ya nchi, walionipa wasiwasi zaidi ni wale waliotii ushauri huo kikamilifu: walifanya kazi kwa bidii hadi saa ya mwisho, wakafika nyumbani wakiwa na heshima zote, na katika juma la pili wakawa hawajui waamke saa ngapi wala kwa sababu gani.

Tazama jinsi maisha yako yalivyopangwa sasa. Unaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzima taa saa nne na nusu usiku, na kati ya saa hizo mbili hakuna muda usio na kazi yake. Una mwenza ambaye hamwachani mchana wala usiku, na kila baada ya majuma sita kunakuwa na mabadiliko ambayo huenda yakakupa mwenza mpya au mji mpya bila wewe kuchagua. Una beji kifuani inayowaeleza watu wewe ni nani kabla hujafungua kinywa. Rais wa misheni, anayewaongoza wamisionari wote wa eneo lenu, anajua hali yako, na juma kwa juma kuna mtu anayekuuliza maendeleo ya wale unaowafundisha. Sasa fikiria kwamba hayo yote yataondolewa katika mazungumzo ya jioni moja, rais wa kigingi chako, yaani kiongozi wa makutaniko kadhaa ya kwenu, atakapokupumzisha, maana yake kuufunga rasmi utumishi wako, na kukuambia uvue beji. Wengi wanaokuja kwangu hudhani kwamba wanaililia Ghana, au Zambia, au Afrika Kusini, na kweli sehemu ya huzuni yao ni hiyo. Lakini tukizungumza kwa kirefu hugundua kwamba kilichowalemea ni Jumanne asubuhi ambayo hakuna anayewasubiri popote.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu kwa muda mrefu, na halikuanzia kwa wamisionari. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard wa Norwe aliandika kuhusu Wanorwe waliokwenda Marekani kusoma na kufanya utafiti, akaonyesha kwamba furaha ya mgeni huwa juu anapofika, ikashuka baada ya miezi kadhaa, kisha ikapanda tena anapokuwa ameizoea nchi. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn wakaongeza sehemu iliyokuwa imeachwa: mtu anaporudi kwao hupitia mteremko wa pili unaofanana na ule wa kwanza. Tofauti ni kwamba ule wa kwanza aliutarajia na watu walimhurumia, ilhali wa pili humjia nyumbani kwao, mahali ambapo kila mtu anadhani ni lazima awe na raha. Kumbuka miezi yako ya mwanzo Kumasi, fufu ilipokuwa ngeni kinywani na watu walipocheka Kitwi chako, lugha ya huko. Jiandae kwa kitu cha namna hiyo katika kijiji chenu wenyewe, pengine katika juma la tatu au la nne, wageni wakishaacha kuja kukusalimu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uandike, kabla hujaondoka Ghana, ratiba ya majuma sita ya kwanza nyumbani. Majuma sita ni kipimo ambacho mwili wako umeshakizoea. Kanisa lenu lenyewe linawataka wamisionari waandike mpango wa maisha yao ya baadaye kabla hawajamaliza, kwa hiyo hutakuwa unaiba muda wa Bwana. Zungumza na rais wako wa misheni, mpatane kuhusu muda fulani wa siku ya maandalizi, na nje ya muda huo uiache karatasi ndani ya daftari. Nimeona mara nyingi kwamba mawazo yakishapewa saa yao, huacha kuvamia saa za kufundisha.

Katika ratiba hiyo andika mambo madogo yanayoweza kufanyika. Muombe baba, katika simu ya juma hili, atafute barua uliyopewa na chuo ulipoahirisha masomo na akusomee tarehe zilizomo, kwa maana vyuo vingi huweka ukomo wa kuahirisha, na ukomo ukipita utalazimika kuomba nafasi upya. Kama tarehe ziko karibu, mdogo wako anaweza kwenda ofisi ya msajili sasa hivi kwa niaba yako. Uliza katika kigingi chenu vikundi vya kujitegemea vinaanza lini, vile ambavyo watu hukutana kila juma kujifunza kutafuta kazi, kuanzisha biashara ndogo au kuchagua masomo. Kama ada ya chuo ndiyo kikwazo, ulizia BYU-Pathway Worldwide, mpango wa masomo kwa njia ya intaneti ulioanza mwaka 2009 na ambao ada yake hutofautiana kwa kufuata hali ya nchi. Uliza pia kuhusu mfuko wa mikopo ya elimu uliotangazwa na Rais Gordon B. Hinckley mwaka 2001, ambao katika hotuba yake aliwataja hasa vijana waliorudi kutoka misheni katika nchi zenye umaskini wakarudi kwenye hali ileile waliyoiacha. Ujue tu kwamba ule ni mkopo, nao hulipwa.

Andika pia utaamka saa ngapi. Jipe siku chache za kulala na kula chapati za mama, nawe unazistahili, lakini baada ya hapo irudie ile saa kumi na mbili na nusu hata kama huna pa kwenda. Kijana anayeamka mapema hata kazi za nyumbani humwona. Anayeamka saa nne asubuhi hukuta siku imeshagawanywa na yeye hana sehemu.

Sasa niwageukie watu unaowaacha, kwa kuwa hofu hiyo inatoka katika upendo na inastahili jibu la maana. Uko katika nchi ambayo historia yake ya Kanisa inakujibu vizuri kuliko mimi. Kuanzia mwaka 1964 Joseph William Billy Johnson wa Cape Coast, baada ya kukisoma Kitabu cha Mormoni, maandiko ya Kanisa lenu yanayosomwa pamoja na Biblia, alikusanya makundi ya waumini akayafundisha kwa miaka 14, bila mmisionari hata mmoja na bila mtu wa kuwabatiza. Wamisionari walipofika mwishoni mwa mwaka 1978, baada ya ufunuo wa Juni mwaka huo ulioruhusu ukuhani kwa wanaume wote wanaostahili bila kujali rangi, walikuta mamia ya watu wanaowasubiri. Kisha Juni 1989 serikali ya Ghana ikapiga marufuku shughuli za Kanisa, wamisionari wa kigeni wakaamriwa kuondoka, na hadi Novemba 1990 waumini waliabudu majumbani mwao wenyewe. Waliposhika tena funguo za majengo yao, Kanisa lilikuwepo bado. Wenyeji waliolibeba Kanisa lao katika vipindi hivyo viwili, watoto na wajukuu wao wataweza kuwabeba watu wako watatu au wanne wanaoyumba.

Hilo halikuondolei wajibu. Linakuonyesha namna ya kuutimiza. Katika majuma haya tisa usiende kumtembelea yeyote kati yao bila muumini wa kata hiyo, yaani kutaniko la mahali hapo, ikiwezekana mtu wa rika lake anayeishi jirani naye. Mwache muumini huyo aombe, asome maandiko, aulizie mtoto mgonjwa, nawe upunguze maneno juma kwa juma hadi mwenye nyumba azoee kumtazama yeye. Andika kumbukumbu zilizo wazi kwa ajili ya mmisionari atakayekufuata: nani anafanya kazi Jumapili, nani mumewe hapendi wageni, nani ameahidi kuacha pombe na siku gani humshinda. Usimwahidi kila mtu kwamba mtaandikiana kila juma, maana ahadi hiyo haitatimizwa, na mtu mpya katika imani anaweza kuuchukulia ukimya wako kama hukumu juu yake. Mwambie ukweli, kwamba utamkumbuka katika sala na kwamba utaandika utakapoweza. Na siku za mwisho zisigeuke kuwa ziara ya kupiga picha katika miji yote uliyotumikia, kwa sababu yule uliyeanza kumfundisha jana anahitaji moyo wako wote sawasawa na yule uliyembatiza mwaka jana.

Kuhusu baba yako nataka kusema kwa kirefu, kwa sababu naona swali lake limekuumiza na nadhani umelisikia kwa ukali kuliko alivyokusudia. Mzazi asiye muumini ameona nini katika miaka hii miwili? Amemwona kijana mwenye nguvu, mwenye cheti cha sekondari, akiondoka kwenda nchi ya mbali kufanya kazi isiyo na mshahara. Familia za Marekani hulipa kila mwezi kwa ajili ya mmisionari wao, dola 400 kwa miaka mingi na dola 500 tangu Julai 2020. Familia za kwetu huchangia kwa kadiri ya uwezo na kiasi kikubwa hubebwa na mfuko wa Kanisa. Hata mchango ule mdogo ulitoka katika nyumba ambayo ingeweza kuutumia kwa karo ya mdogo wako au mbolea. Baba anapouliza utarudi na nini, kuna uwezekano mkubwa kwamba anauliza iwapo anaweza kuanza kukutegemea tena, na hilo ni swali la haki.

Usilijibu kwa ushuhuda, angalau si mara ya kwanza. Mjibu kwa ile ratiba ya majuma sita, umsomee kwenye simu, na umwombe aseme lipi analiona haliwezekani, kwa sababu mtu aliyeombwa ushauri kuhusu mpango huona kwamba na yeye ana sehemu ndani yake. Ukifika, nenda shambani au dukani kwake katika juma la kwanza bila kuitwa. Kisha fanya jambo ambalo wamisionari wengi waliorudi hulisahau: muulize yeye habari za miaka hii miwili. Watu watakutaka usimulie Ghana, kanisani watakupa mimbari Jumapili ya kwanza, na ni rahisi kusahau kwamba waliobaki nao waliishi miezi 24. Kulikuwa na mavuno yaliyoharibika, kulikuwa na mkopo, kulikuwa na maradhi ambayo hukuambiwa ili usivunjike moyo.

Na kulikuwa na mazishi. Kwa kawaida mmisionari hakatizi utumishi kwa ajili ya msiba, nawe unajua kwetu magharibi kukosa kumzika mtu wa ukoo kuna uzito gani, hasa kwa kijana wa kiume. Muulize mama orodha ya waliofariki tangu uondoke, na katika majuma mawili ya kwanza upite nyumba kwa nyumba kutoa pole, uketi na wafiwa, uone makaburi. Baba akikuona unafanya hivyo atajua, bila wewe kuhubiri, kwamba imani yako haikukutoa katika ukoo. Ningekuwa na nafasi ya kumpa mmisionari wa Kikenya anayerudi shauri moja tu, ningempa hili.

Mikono yako haitakuwa mitupu, lakini ni lazima ujue kueleza ulichobeba. Mwajiri wa Nairobi au Eldoret hataelewa vyeo vya misheni, kwa hiyo katika wasifu wako wa kazi eleza matendo: kwamba kwa miaka miwili ulifundisha watu wa rika zote ana kwa ana na katika vikundi, kwamba ulijifunza lugha ya kigeni kiasi cha kuwahudumia watu kwayo, kwamba uliishi na kufanya kazi na vijana wa mataifa mbalimbali, kwamba uliwasimamia wengine kama uliwahi kupewa uongozi, na kwamba uliishi kwa posho iliyohesabiwa mwezi mzima bila kukopa. Kila sentensi iwe na mfano unaoweza kuusimulia kwenye usaili, na mwombe rais wa misheni barua ya kukutambulisha kabla hujaondoka, wakati bado anakukumbuka kwa sura na matendo.

Watakuja pia watakaokuuliza utaoa lini. Wajibu kwa upole, usipange harusi kwa sababu ya upweke wa mwezi wa kwanza, na usiikimbie ndoa kwa sababu ya hofu ya fedha. Zaidi ya hapo sina la kuongeza.

Kitwi chako nacho kinahitaji mpango, kwa kuwa huko kwenu hutampata wa kuzungumza naye. Mtafiti Lynne Hansen wa Hawaii aliwachunguza wamisionari wa Kanisa lenu waliokuwa wamejifunza Kijapani wakarudi kwao, na matokeo yake yanatia moyo: aliyeifikia lugha kwa kina zaidi kabla ya kuondoka huihifadhi zaidi, na maneno yaliyosahaulika hujifunzwa upya kwa haraka kuliko maneno mageni. Kwa sababu hiyo majuma haya tisa yana thamani ya pekee. Usianze kurudi kwenye Kiingereza kwa kuwa umechoka; sema Kitwi sokoni na ndani ya trotro, yaani matatu za huko, waombe marafiki wachache wakurekodie sauti wakisoma zaburi au wakisimulia habari za utoto wao, na urudi na Biblia ya Kitwi uisome sura moja kila Jumapili.

Kuna mambo mawili ya afya. Weka cheti cha chanjo ya homa ya manjano pamoja na pasipoti, maana utakihitaji mpakani, na ukipata homa katika majuma ya kwanza baada ya kufika, mwambie daktari ulikotoka na upimwe malaria siku hiyohiyo. La pili ni moyo. Huzuni ya siku kadhaa ni ya kawaida. Lakini ukiona majuma mawili yanapita huli, hulali, huna hamu ya lolote, au unawaza kwamba ingekuwa heri usingekuwepo, mwambie mzazi na askofu, yaani kiongozi wa kata yenu, na uende kwa daktari au mshauri bila kuchelewa, kama vile ungekwenda kwa ajili ya ile homa.

Mwisho, kuna mazungumzo ambayo unaweza kuyaandaa sasa. Mwandikie rais wa kigingi chako juma hili, umweleze tarehe ya kurudi, na umwombe kwamba siku atakapokupumzisha awe tayari amezungumza na askofu kuhusu mambo mawili: wito, yaani jukumu la kanisani, utakaoanza nao kabla mwezi haujaisha, hata ukiwa wa kufundisha watoto darasa la Jumapili, na mwenza wa kuhudumu ambaye mtagawiwa pamoja familia za kuzitembelea. Mwombe mwenza huyo awe mtu mwenye kazi na familia, anayeishi umbali wa kutembea kutoka kwenu, na kwamba ziara yenu ya kwanza iwe imepangiwa siku na saa kabla hujapanda ndege Accra.